Ridhimu Haimalizwi

"Mwalimu, ridhimu nimeshaimaliza. Sasa nataka kuingia solo."

Kauli hii huletwa kwangu na vijana wa kila namna. Mmoja katoka kwaya ya kanisani, mwingine kajifunza kwa binamu yake, mwingine kwa video za simu. Wote wamekaa na gitaa mwaka mmoja au miwili, ncha za vidole zimeota sugu, na kordi za C, F, G, D na A zinawatii. Huwaomba kitu kimoja tu: wapige C, F na G kwa dakika tano, mwendo uleule, bila kusimama. Dakika ya pili mkono wa kulia unaanza kukimbia. Dakika ya tatu F inakwaruza. Ikifika ya nne kijana amechoka, na uchovu wenyewe hautoki mkononi: hajui afanye nini zaidi na kordi hizo tatu. Huyo ndiye aliyemaliza ridhimu.

Simlaumu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na waliomfundisha ni wengi. Karibu kila mahali panapopigwa gitaa kwetu, gitaa huchukuliwa kama ngazi. Chini kabisa yuko anayeanza, naye hupewa ridhimu ili asiharibu mambo. Juu yuko aliyeiva, naye hupewa solo. Kutoka chini kwenda juu ndiko kunakoitwa kukua. Mzazi akitaka kujua kama ada yake inafanya kazi, huuliza: mtoto ameshaanza solo? Kiongozi wa bendi akikosa mpiga ridhimu humchukua yeyote aliye karibu. Akikosa mpiga solo huahirisha onyesho. Mashabiki nao humtuza anayesimama mbele, noti wakimbandika kwenye paji la uso, na aliye nyuma yake akishika mwendo usiku kucha hakuna anayelijua jina lake.

Nasema ngazi hiyo ni ya uongo, na ndiyo inayowakwamisha vijana wengi wenye vidole vizuri. Wanaikimbia ridhimu kabla hawajaijua, wanafika kwenye solo mikono mitupu, kisha wanazunguka palepale miaka mitano wakidhani kinachowakosesha ni kipaji.

Gitaa lenyewe halikuanza na mgawanyo huu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mmoja huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Alikuwa Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, na wimbo wake Masanga ukasambaa mbali. Bosco alikuwa na gitaa moja la kawaida lisilo la umeme, akilipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinadonoa nyembamba. Sasa niambie, pale alikuwa akipiga ridhimu au solo? Swali halina jibu kwa sababu vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja mkononi mwake. Ukiliondoa gumba, ule wimbo mtamu wa juu unaporomoka. Mpiga gitaa wa leo anayetaka kuacha ridhimu ili apate solo anajaribu kubaki na kidole cha shahada na kulikata gumba.

Magitaa yaligawanywa baadaye, bendi zilipokuwa kubwa na umeme ulipoingia. Kazi ya mtu mmoja ikapewa watu watatu au wanne: besi, ridhimu, solo, na katikati solo la pili, ambalo wenzetu wa Kongo huliita mi-solo. Mgawanyo huo ulikuwa wa kazi. Cheo kimeongezwa na sisi. Katika dansi la Tanzania kila mmoja wao ana njia yake kwenye wimbo, na uzuri wa wimbo unapatikana pale njia hizo zinapopishana bila kugongana. Wimbo ukifika kwenye chemko, sehemu ile ya mwisho inayowanyanyua watu vitini, solo linaweza kurudia kipande kifupi kilekile mara ishirini na watu wasichoke. Hawachoki kwa sababu chini yake ridhimu na solo la pili vinakisukuma kila mara kwa namna tofauti kidogo. Zima ridhimu, uache solo peke yake: utasikia mtu anayerudia maneno.

Watazame watu wenyewe. Mwaka 1960 Joseph Kabasele alipokwenda Brussels na wenzake, wakarekodi Indépendance Cha Cha, walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja. Mdogo ni Nico Kasanda, ambaye dunia ilimwita Docteur Nico. Mkubwa ni Charles Mwamba, aliyejulikana kama Dechaud, na yeye ndiye aliyekuwa mpiga ridhimu. Miaka mitatu baadaye, walipoondoka African Jazz, bendi ya Kabasele, na kuunda African Fiesta pamoja na Tabu Ley Rochereau, waliondoka pamoja. Wanaomsifu Nico kwa solo zake zinazoelea kama mtu anayetembea juu ya maji hawaulizi maji yenyewe yaliwekwa na nani. Kaka yake aliyaweka, wimbo baada ya wimbo, na mdogo mtu alijua kabisa kila kordi itaangukia wapi.

Au mchukue Lutumba Simaro. Aliingia OK Jazz ya Franco mwaka 1961, na kwa miaka yote ile alipiga ridhimu. Kwa hesabu ya ngazi tuliyorithi, huyu ni mtu aliyebaki darasa la kwanza. Lakini ndiye aliyetunga Mabele, watu wakamwita mshairi, na ndiye aliyekuwa makamu wa Franco katika uongozi wa bendi. Hakuna aliyemwambia ahamie solo ili ahesabike amekua.

Upande wetu yuko Omar Shabani, aliyeitwa Profesa. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki lilipojitenga na Simba Wanyika mjini Nairobi na kuzaa Les Wanyika, yeye mpiga ridhimu ndiye aliyekuwa mhimili wake. Usikilize wimbo wao Sina Makosa tena leo, lakini safari hii usimfuate mwimbaji wala solo. Fuata lile gitaa la kati linalotafuna polepole karibu na besi, halipayuki, halipotei. Ukiweza kulipiga hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuyumba, hapo ndipo nitakapokubali kwamba umetoka kwenye uanafunzi.

Naingia sasa kwenye vidole vyenyewe, maana hoja yangu inasimama au kuanguka hapo.

Anayesema ameimaliza ridhimu kwa kawaida anajua kila kordi mahali pamoja tu, kwenye freti tatu za mwanzo, karibu na kichwa cha gitaa. Shingo iliyobaki ni nchi asiyoijua. Kwa hiyo akisikia neno solo, huona ni safari ya kwenda nchi hiyo kwa njia nyingine kabisa, njia ya skeli. Anafundishwa umbo moja la noti tano kuanzia freti ya 5, linalopendwa sana kwenye muziki wa bluzi na roki, anaambiwa kwamba humo ndani hakosei. Anapanda na kushuka humo kama mtu kwenye ngazi za ghorofa. Kisha bendi inapiga wimbo wa dansi katika C, anajitosa, na kila kitu kinasikika cha kigeni. Kidole hakikukosea popote, lakini wimbo haukumkubali.

Sababu inaeleweka ukitazama noti zenyewe. Umbo hilo lina A, C, D, E na G. Halina F wala B. Bendi inapohamia kordi ya F, noti yenye jina la kordi hiyo hana. Bendi inapohamia G, noti ya B, ile inayoifanya G ichangamke, hana pia. Wimbo unahama nyumba na yeye amebaki sebuleni palepale akiongea. Muziki wetu wa dansi, benga na rumba umejengwa juu ya kuhama huko kwa kordi, mara nyingi kordi tatu tu zinazozunguka. Masikio ya wachezaji yanangoja gitaa liwaambie sasa tumefika F, sasa tunarudi nyumbani. Solo lisilosema hivyo ni kelele nzuri, na bado ni kelele.

Chukua gitaa. Tumia nyuzi tatu nyembamba tu. Bonyeza freti ya 5 kwenye uzi wa tatu, ya 5 kwenye wa pili, ya 3 kwenye wa kwanza: hiyo ni C. Kwa F, uzi wa tatu unabaki palepale freti ya 5, wa pili unasogea hadi ya 6, wa kwanza hadi ya 5. Kwa G, uzi wa tatu ni freti ya 4, wa pili ya 3, wa kwanza ya 3. Kordi zote tatu za wimbo zimo ndani ya freti nne, kuanzia ya 3 hadi ya 6, mkono hausafiri kabisa. Zipige kama ridhimu, kwa mwendo wa taratibu, mpaka vidole vihame bila kuulizwa. Kisha usibadilishe kitu chochote mkono wa kushoto. Badala ya kuzipiga nyuzi tatu pamoja, zidonoe mojamoja: uzi wa tatu, wa kwanza, wa pili, wa kwanza. Halafu acha uzi wa pili, donoa wa tatu na wa kwanza kwa pamoja. Utashtuka, maana kitakachotoka ni sauti unayoijua tangu utoto wako, sauti ya redio jioni. Ni solo. Umelipata ndani ya ridhimu, halikuwa mahali pengine.

Kutoka hapo kazi ni kuzitafuta kordi hizohizo mahali pengine pa shingo. C iliyo kwenye freti ya 5 iko pia juu zaidi: freti ya 9 kwenye uzi wa tatu, ya 8 kwenye wa pili na wa kwanza. Anayeijua C mahali patatu, F mahali patatu na G mahali patatu ana ramani ya shingo nzima, na kila anapokwenda anajua yuko nyumba ya nani. Skeli itakuja, na inapokuja itakuwa barabara zinazounganisha nyumba hizo. Anayeanza na barabara kabla ya nyumba hana mahali pa kufikia.

Kuna jambo la mkono wa kulia pia, na hapa ndipo ninapoona uzembe mkubwa zaidi. Watu hudhani mkono wa kulia ni wa kugonga tu na kwamba akili yote iko kushoto. Mpiga ridhimu mzuri mkono wake hausimami. Unashuka na kupanda sawasawa kama mtu anayetwanga, hata pale nyuzi hazisikiki. Kinachobadilika ni nyuzi zipi zinaguswa na zipi zinapitwa hewani, na vidole vya kushoto vinalegezwa kidogo lini ili sauti izimike ibaki "chk" kavu. Zile sauti kavu ndizo zinazowafanya watu wacheze. Kijana aliyehamia solo bila mkono huo hupiga noti zote sahihi zikiwa zimekaa mahali pasipo pake kwenye wakati, nyingine zimewahi, nyingine zimechelewa. Mpiga solo Diblo Dibala aliitwa Machine Gun kwa kasi yake, na vijana wanaiona kasi tu. Ipunguze kasi ya rekodi zake, kama simu yako inaweza, uone kila noti ilivyoketi kwenye pigo lake. Kasi bila kiti ni kukimbia ovyo. Na ukizisikiliza rekodi za Paris za miaka ya 1980, walizopiga akina Diblo na kizazi chao, uliza pia ridhimu inapigwa na nani. Mara nyingi jibu ni Lokassa Ya Mbongo, mtu aliyetoka Afrisa ya Tabu Ley na ambaye gitaa lake la ridhimu lilitafutwa na kila aliyetaka rekodi yake ichezeke.

Najua nitakavyojibiwa, na majibu mengine yana uzito.

Wapo watakaosema mwanafunzi akizuiliwa kwenye ridhimu atachoka na kuliacha gitaa. Ni kweli kabisa kwamba atachoka, kama ridhimu aliyopewa ni kordi tano za freti za mwanzo zikipigwa kwa namna moja miaka miwili. Mtu aliyefungiwa humo hajaifikia ridhimu. Ndiyo maana sisemi abaki hapo. Nasema azame. Yule aliyejaribu zoezi la freti nne hapo juu hachoki, kwa sababu kila siku anakuta mlango mpya kwenye kordi ileile.

Wengine watasema mpiga solo mkubwa anahitaji mambo ambayo ridhimu haiyatoi: kukunja uzi mpaka ulie, kuunda kipande chenye mwanzo na mwisho, kuthubutu kusimama peke yake. Hilo nakubali bila ubishi. Mbaraka Mwinshehe aliimba na kupiga solo mwenyewe, na namna gitaa lake lilivyoijibu sauti yake ni sanaa inayohitaji kujifunzwa peke yake. Hata hivyo hebu litazame jibu lile. Anaimba mstari, anapumua, gitaa linaingia katika pengo la pumzi, linamaliza, sauti inarudi. Hiyo ni elimu ya nafasi, ya kujua lini kunyamaza. Wapiga benga nao wanayo. Gitaa lao lilichukua udonoaji wa nyatiti ya Wajaluo, ala ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huimba na kujijibu mwenyewe huku pete ya chuma iliyovaliwa kwenye kidole cha mguu ikigonga ala kushika mwendo. Hata pale, mguu kwanza.

Na wapo watakaosema kwa ukweli wa mfukoni: mpiga ridhimu halipwi vizuri na hatajwi. Hili linaniuma, na sitalifunika. Ni kweli katika bendi nyingi, na ni dhuluma. Lakini dhuluma hiyo inatokana na fikra hiihii ninayoipinga. Tukiendelea kuwaambia vijana kwamba ridhimu ni ya wasiojua, tutaendelea kuwalipa kama wasiojua, na wenye uwezo wataendelea kuikimbia, na bendi zetu zitaendelea kuwa na wapiga solo wanne wanaogombana juu ya msingi wenye nyufa. Nimekaa kwenye kumbi ambazo hilo linasikika usiku mzima. Watu wanakaa vitini na hawajui kwa nini hawataki kucheza.

Kwa hiyo kijana akija kwangu na kauli ile, simrudishi mwanzo wala simkatalii solo. Namwambia solo lako limo humu, tulitafute. Anatumia metronomu, mapigo 60 kwa dakika, mwendo ambao hakuna pa kujificha. Anajirekodi kwa simu kila siku, dakika tatu, na kusikiliza kesho yake kabla ya kugusa gitaa. Anachagua wimbo mmoja wa zamani na kujifunza magitaa yake yote, ridhimu kwanza, kisha solo la pili, solo mwisho, mpaka aweze kuimba moja kwa mdomo huku akipiga jingine. Kuimba huko ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Asiyeweza kuiimba ridhimu hajaisikia bado, hata vidole vyake viwe vyepesi namna gani. Kwa kawaida miezi mitatu inatosha kuonyesha tofauti, na tofauti hiyo huonekana kwenye solo kabla ya kuonekana mahali pengine popote. Noti zinapungua. Zilizobaki zinakaa. Na kijana anaacha kuniuliza ataanza lini, maana ameshaanza.

Walimu wenzangu, acheni kuwauliza wanafunzi kama wameshahamia solo. Waulizeni C wanaijua mahali pangapi. Viongozi wa bendi, mpiga ridhimu asiwe mtu wa kujazia nafasi, na mgao wake uwe sawa na wa aliye mbele. Na wewe unayelipenda gitaa, ukienda dansini wikiendi hii, usisimame upande wa solo. Pita nyuma kidogo, karibu na besi, umtafute yule asiyetazamwa, na utazame mkono wake wa kulia mpaka wimbo uishe.